Uzoefu wangu na kituo cha kupokea taka: tenganisha kabla hujatoka nyumbani

Nimekuwa nikipeleka taka zangu za kurejelezwa (zinazotengenezwa upya) kituoni kwa muda sasa, na kwa jumla nimeridhika. Lakini nianze na onyo: ukifika na gunia ulilochanganyia kila kitu, utaishia kulichambua juani huku walio nyuma yako wakiguna.

Kinachowasumbua wengi ni plastiki. Ile pembetatu iliyo chini ya chupa haimaanishi kwamba kitu hicho kitapokelewa. Namba iliyo ndani yake, 1 hadi 7, hutaja aina ya plastiki tu. Kituo hiki huchukua namba 1 na 2, zile za chupa za maji na madumu ya sabuni. Yale makasha meupe mepesi yanayomeguka, namba 6, unarudi nayo. Nimeshuhudia mabishano makali hapo, na mhudumu hakupandisha sauti hata mara moja. Wengine wangemfukuza mtu.

Upande wa vioo nao wako makini. Chupa zinapokelewa, ila vioo vya dirisha na bakuli za kuokea hapana, maana haviyeyuki kwa joto lile lile na vichache tu vinaweza kuharibu shehena nzima. Maboksi yaliyolowa mafuta pia hukataliwa. Makopo ya alumini hayana maswali, na ni sawa, kwani kuyayeyusha upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya.

Nilichokipenda zaidi ni meza ya betri. Wameweka utepe wa gundi ili uzibe ncha za betri kabla ya kuzitumbukiza. Betri za lithiamu zikibanwa ndani ya lori la taka huweza kulipuka moto, kwa hiyo hapo hawana mzaha.

Kasoro zipo. Maandishi kwenye mapipa yamefifia, na kontena la karatasi liko juu mno kwa mzee au mtu mfupi. Jumamosi usiende kama una haraka. Kubwa zaidi, nimeuliza vitu hivi huishia wapi, nikajibiwa, "Lori huja kuchukua." Kwa taabu yote ya kuosha na kutenganisha, nilitarajia angalau ubao unaotaja kiwanda kinachonunua. Natoa nyota nne. Ya tano wataipata siku watakapoubandika.