Deikea ya mchanga na vizibo: miezi 7 baadaye, nawapa nyota 4

Naanza na bei maana najua ndo mnachotafuta. Laki moja na ishirini kwa mwezi, uji wa saa nne na msosi wa mchana humo humo, usafiri unajitegemea. Iko huku Goba, Dar, ndani ndani, ukishuka kwenye lami bajaji inakupeleka kwa buku. Jina silitaji, mwenyewe kaniomba, nafasi ni 24 tu na zimejaa na hapendi watu wanaokuja kumgongea geti na mtoto mgongoni wakidhani watapewa kwa huruma. Naandika hivo hivo kwa sababu vituo vya aina hii, mtoto anajifunza kwa kucheza, siku hizi vipo vipo na ukifika mara ya kwanza unaweza ukamwambia dereva geuza turudi. Mi nilikaribia.

Yaani siku ile nimefika nakuta hakuna madawati, hakuna ubao, hakuna herufi zimebandikwa ukutani. Uani pana mwembe, chini yake mchanga kama lori limemwaga jana, matairi chakavu ya bajaji, ndoo, chupa za maji zimekatwa, vifuu, makopo ya Blue Band, na gunia zima la vizibo vya soda. Gunia! Watoto wamechafuka mpaka nyusi. Usiku nikamwambia baba mtoto, hivi tunatoa laki na ishirini mwanetu akachezee takataka ambazo hapa nyumbani akigusa tu namfokea? Akacheka, akasema sisi tumekua na kombolela na rede, nani alitulipia ada. Nikamwambia ndo hoja yangu hiyo hiyo, ilikuwa bure.

Lakini tulikuwa hatuna pa kwenda. Kule alikotoka, inglishi midiamu moja sitaisema, mtoto ana miaka 3 na miezi minne anarudi na homuweki kurasa mbili, aandike a, a, a mpaka mstari uishe, kesho yake b. Ukifungua daftari unakuta wino mwekundu, mwandiko mbaya, afanye mazoezi nyumbani. Basi saa mbili usiku mimi nimetoka kazini nimechoka, yeye amechoka, namshika mkono tunaandika huku analia, na wakati mwingine namwandikia mwenyewe kwa mkono wa kushoto ili ionekane ni yeye (msinicheke, najua mnafanya). Ikafika mahali asubuhi akiona soksi nyeupe tu anaanza kulia. Akaanza na kukojoa kitandani wakati alishaacha. Hapo ndo nikasema basi.

Sasa mwalimu mkuu wa hapa Goba, mama mtu mzima, wote tunamwita Bibi, nilipomwuliza lini ataanza kuandika hakunijibu lini. Alinishika kifundo cha mkono akabonyeza bonyeza akaniambia mama, hapa kwako pana vifupa 8, kwa mtoto wa umri wa mwanao vingi bado ni gegedu, havijawa mfupa, unataka nimpe penseli ashikilie nusu saa? Ndo akanionesha wale watoto niliodhani wanapoteza muda. Mmoja anakamua nguo za mdoli, wawili wanafinyanga udongo, mwingine anachambua choroko na maharage anatia kwenye makopo mawili tofauti, mwingine anatunga vizibo vilivyotobolewa kwenye uzi wa katani. Kumbe vidole vyote vinafanya kazi, na hakuna anayelia. Nikanyamaza kidogo, ila sikuwa nimekubali.

Kilichonibadilisha ni duka. Mwezi wa tatu hivi niliwahi kufika kumchukua, saa tisa, nikakaa kwenye mkeka pembeni nisubiri. Wanangu hawa wamefungua genge. Boksi la viatu ndo meza, mchanga ndo unga, majani ya mwembe ndo mchicha, mawe ndo nyanya na yamepangwa mafungu kabisa kama kwenye genge la pale kwetu, na hela ni vizibo. Wangu ndo muuzaji, kajifunga kitenge cha nani sijui, ana mdomo huyo, karibu mteja, nyanya fungu vizibo vitatu, mchicha umelala jana nakupunguzia. Nikabaki mdomo wazi. Hayo maneno yote kayatoa wapi, kumbe kila Jumamosi ninapoenda naye gengeni anarekodi.

Akaja Bibi kama mteja. Katoa vizibo vitano, anataka fungu moja la nyanya. Halafu kasimama tu, anangoja. Mtoto kahesabu, moja mbili tatu, kaviweka upande wake, kabaki anaangalia viwili vilivyobaki mkononi, kama sekunde kumi nzima, mimi pembeni nataka kumwambia, nimejing'ata ulimi. Mwishowe akavirudisha, akasema "chenji yako hii bibi." Hakuna aliyemfundisha hesabu ya kutoa pale, wala hakuna aliyesema vizuri sana piga makofi. Bibi kachukua nyanya zake za mawe kaondoka.

Subirini, bado. Kuna dogo kaja hana kizibo hata kimoja anataka mchicha. Wangu kafikiri, akasema nakuandika. Kaokota kipande cha boksi, kaomba penseli, PENSELI, mtoto aliyekuwa akiiona penseli analia, akachora mistari ya mawimbi mawimbi pale, akamwambia umeandikwa deni, kesho ulete. Kwenye ile mistari mmoja ulikuwa na herufi ya kwanza ya jina la yule dogo. Imegeuka kichwa chini lakini ipo. Jamani nilitoka pale nikapanda bajaji nalia kimoyomoyo. Miezi mitano ya a, a, a haikumfundisha kwamba maandishi yana kazi duniani, genge la mchanga limemfundisha mchana mmoja.

Toka hapo nikawa nawahi makusudi niangalie. Ule mchezo wa nyama nyama nyama mnaujua, kiongozi anataja nyama ya ng'ombe mnaruka, ya mbuzi mnaruka, akisema ya paka ukiruka umetoka. Mi nilikuwa najua ni kelele tu. Bibi kaniambia angalia miguu yao. Kweli, akisema paka unaona mtoto kapinda magoti tayari kuruka halafu anajizuia, anatetemeka pale kama bodaboda kwenye taa nyekundu. Hicho ndo kitu wanachofanyia mazoezi, kujizuia, na ndo hicho hicho kitakachomfanya darasa la kwanza akae angoje zamu yake badala ya kuropoka. Na kwenye maji wana chupa nyembamba ndefu na bakuli pana, wanamimina kutoka hiki kwenda kile, wadogo wanabisha kabisa kwamba kwenye chupa ndefu maji yamekuwa mengi. Hakuna anayewasahihisha. Wanaambiwa rudisha kwenye bakuli tuone. Wangu karudi nyumbani juisi yake kaimimina mara nne kwenye glasi tofauti, nusu imeishia kwenye zulia, sawa.

Na mkidhani ni kuwaachia tu watoto wajichezee wakati ticha yupo wasapu, hapana, hapo ndo penye tofauti na deikea nyingine nilizozunguka. Kuna moja kule mjini nilifika nikakuta watoto 30 chumbani wanaangalia katuni, dada kalala, wakaniambia sisi tunafundisha kwa michezo. Mchezo gani huo. Hapa kila asubuhi wanapanga leo tunatoa nini uani, wiki hii mizani ya vifuu na kamba, wiki ijayo maboksi makubwa ya friji, na wanaandika kila mtoto kafanya nini. Wakigombana hawakimbiliwi. Siku moja wawili wanavutana tairi, mi nimeshanyanyuka, mwalimu kanikonyeza kaa. Wakavutana, wakalia, mmoja akasema basi we sukuma mi nikae ndani halafu tubadilishane. Ingekuwa nyumbani kwangu ningekuwa nimeshampa mkubwa kofi na tairi nimelitupa nje.

Baada ya hapo usiku nikaanza kusoma soma Google maana nilihisi nimedanganywa miaka yote. Kumbe hata hili jina la kindagateni lina maana ya bustani ya watoto, Mjerumani Friedrich Fröbel ndo aliyeliita hivyo mwaka 1840, na vifaa vyake vilikuwa mipira ya sufu na vipande vya mbao, hakuna daftari la mistari. Tumechukua jina tukaacha bustani. Na hawa wanaobandika Montessori getini, Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 San Lorenzo, Roma, mtaa wa watu wa hali ya chini, lakini jina lake halina mwenyewe kisheria, mtu yeyote anaweza kuandika kwenye bango lake, kwa hiyo bango lisikutishe, ingia ndani uangalie watoto wanashika nini. Na msiseme ni mambo ya kizungu. Pwani yetu hii hii, Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha chekechea za madrasa, baadaye zikafika Zanzibar na Uganda, vifaa vya kuchezea wanatengeneza kwa vitu vya palepale mtaani. Bibi wa Goba kasema vifuu vyake kajifunzia huko Unguja.

Haya, lawama. Maana nyota moja nimeiondoa na ina sababu.

Kufua. Hawakuambii ukweli kuhusu kufua. Wanasema leta nguo za kubadilisha pea moja, uongo, leta tatu, na usilete nyeupe, na mchanga utaukuta masikioni mpaka Jumapili kanisani. Choo ni kimoja kwa watoto wote 24, wanakisafisha lakini saa nne baada ya uji pana foleni, wangu kajikojolea mara mbili akingoja. Ukichelewa kupita saa kumi na moja jioni unalipa buku mbili kila nusu saa, na kwa foleni ya barabara ya huku mi mwezi wa nne nimelipa elfu kumi na nne, nimeongea nao wakasema walimu nao wana watoto kwao, nikakosa la kujibu ila bado inaniuma. Siku moja kaanguka kwenye tairi kachubuka goti, nimeliona mwenyewe bafuni usiku, hakuna aliyenipigia. Kuchubuka sina neno, atachubuka, lakini niambieni. Waliomba radhi na sasa wanaandika kwenye kidaftari.

Halafu hakuna ripoti ya maksi. Mama mkwe kaja kutoka Moshi kauliza mjukuu wake ni wa ngapi, nimekosa cha kumwonesha nikamwonesha kile kipande cha boksi cha madeni, akaniangalia kama nimerogwa. Na hofu yangu ya kweli ni intavyuu, shule kibao binafsi mtoto wa miaka 5 anawekewa karatasi aandike jina na ahesabu kwa Kiingereza ndo apokelewe. Hapa Kiingereza ni kidogo sana, wanaongea Kiswahili siku nzima. Bibi anasema mtoto mwenye maneno mengi kwa lugha yake ataipata ya pili, na mi naona mdomo anao, lakini yeye Bibi hatakuwepo siku ya intavyuu, nitakuwepo mimi.

Kama unatafuta ya kwenu, mi ningekushauri uende saa tatu asubuhi bila kupiga simu, usiende saa ya kuchukua watoto maana saa hiyo kila mahali wameshanawishwa na kupangwa. Uliza cheti cha usajili cha ustawi wa jamii, wa hapa wamekibandika ukutani kabisa. Uliza mtoto akigombana mnafanyaje, jibu la hapo linakwambia mengi. Angalia kama vifaa vya kuchezea vimefungiwa kabatini juu kwa ajili ya wageni au vimechakaa. Vikiwa vimechakaa ni dalili nzuri.

Orodha ya kungoja ya hapa inafunguliwa Januari, siku za kutembelea ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ukienda usivae sketi ya kubana, hakuna viti, utaambiwa ukae kwenye mkeka na ndani ya dakika tano kuna mtu atakuja kukuuzia nyanya za mawe. Wangu ukimkuta usimkope, hasahau.