Kishikwambi kipya cha bei chee au Samsung iliyotumika?

Kariakoo utaonyeshwa kishikwambi kipya, boksi limeandikwa RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 8. Usiamini boksi. Huenda ni GB 2 halisi, zilizobaki zimekopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia mafaili. Fungua programu kadhaa kwa mpigo uone kinavyogoma. Skrini nayo, ukiitazama kwa pembeni, rangi zinageuka. Faida yake ni betri mbichi na waranti, kama muuzaji ataikumbuka.

Samsung Galaxy Tab iliyotumika, kwa bei hiyohiyo, mara nyingi ina skrini safi zaidi. Tatizo ni betri iliyochoka na akaunti ya mmiliki wa zamani iliyobaki ndani. Muuzaji akifute chote mbele yako, akiwashe, akiunganishe intaneti. Kikidai nenosiri la mtu mwingine, ondoka. Kwa mtoto wa chekechea ningechukua kipya, maana atakiangusha tu; kwa kusoma PDF, Samsung.