Hema tupu si hatimiliki: tulivyolala porini White Mountains

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri zipoe. Watu wa nyumbani Tanzania tunaoishi huku New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, tunaulizana kila majira ya joto yakikaribia kama inawezekana kwenda kulala msituni na watoto bila kulipia kambi yenye umeme, vyoo na majirani waliobanana hema kwa hema. Inawezekana. Sisi tumelala White Mountains, kaskazini mwa New Hampshire, katika ule msitu wa taifa unaoruhusu mtu kupiga hema porini bure, bila kuandikishwa popote na bila mtu wa kukuonyesha pa kulala. Ila mngeniuliza usiku ule wa kwanza ningewajibu msithubutu.

Habari za vifaa siandiki, zimejaa kila mahali. Huduma ndiyo hakuna kabisa, na hilo halikunisumbua. Choo ni kishimo unachochimba mwenyewe, kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, kisha unafukia. Maji unachota kijitoni, unayachemsha au kuyachuja hata yakiwa yanang'aa, maana giadia, kijidudu cha kuharisha, haionekani kwa macho. Chakula hakilali hemani kwa sababu ya dubu weusi. Usubi walitung'ata masikioni na kwenye mpaka wa nywele; mkienda mwezi wa tano au wa sita jiandaeni nao, na kila jioni wakagueni watoto kupe, maana ugonjwa wa Lyme upo. Hayo ni mambo ya porini na nilikuwa nayatarajia. Kilichonitibua ni mtu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kuna barabara za changarawe zinazoingia msituni, na kandokando yake kuna sehemu zilizotengwa za kupiga hema: uwazi mdogo kati ya miti, duara la mawe la kuwashia moto, basi. Huwezi kuweka nafasi. Anayefika kwanza ndiye anayekaa, na hata yeye siku zake zina ukomo, mwisho 14. Ni utaratibu mzuri, naupenda hata sasa, kwa sababu haumuulizi mtu ana kiasi gani mfukoni wala anamjua nani.

Tulifika Ijumaa alasiri, mapema tu, jua likiwa juu bado. Mimi, mume wangu, watoto, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kabla ya kuja Marekani alifanya kazi ya upagazi Kilimanjaro kwa miaka. Sehemu ya kwanza tukakuta hema, hakuna gari, hakuna mtu. Ya pili hema, hakuna mtu. Ya tatu turubai limefungwa kwenye miti, chini yake hakuna hata sufuria. Tukaendelea hivyo hivyo, watoto wakihesabu kwa sauti, hema baada ya hema, zipu zimefungwa, majani ya miti yamelala juu yake. Moja lilikuwa limeshabonyea katikati kwa maji ya mvua. Hapo hapakuwa na kambi hata moja. Palikuwa na mahema yaliyoletwa katikati ya wiki na watu wanaoishi karibu, wakayaacha na kurudi makwao kulala vitandani, ili ikifika mwisho wa wiki wakute nafasi inawangoja.

Shemeji alikuwa wa kwanza kukasirika, na yeye si mtu wa kukasirika ovyo. Alisema, "Shemeji, hata Barafu hatufanyi hivi." Kwa wasioijua, Barafu ni kambi ya mwisho kabla ya kupanda kilele cha Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Ni miamba mitupu, sehemu tambarare za kupiga hema zinagombewa. Wapagazi hutangulizwa wakimbie mbele na mizigo kichwani ili wawahi nafasi ya wageni wao. Lakini mpagazi akiwahi anakaa pale, mwili wake wenyewe, kwenye baridi ile, mpaka wenzake wafike. Amefika kwanza kweli. Hema lisilo na mtu limefika wapi?

Karibu na mwisho wa barabara tukapata sehemu isiyo na hema wala turubai. Kulikuwa na kiti cha kukunja, kimekunjwa, kimeegemezwa kwenye mti, kama vitu vingi vinavyosahauliwa na watu kambini. Tukapiga hema. Tukasonga ugali, maharage tulikuwa tumeyachemsha nyumbani. Watoto walikula wakilamba vidole, wakaingia kwenye mifuko yao ya kulalia kabla hata giza halijakamilika.

Saa tatu usiku, au karibu na hapo, pikapu ikaingia mpaka kwenye hema letu na taa zake kubwa zimewashwa. Dereva hakuzima taa. Hakusalimia. Aliteremka akasema hapo ni kwake. Mume wangu akamuuliza kwa upole anamaanisha nini. Akanyoosha kidole kwenye kile kiti. Kiti! Akasema alikiweka tangu Jumatano, kila mtu anayekuja huku anajua maana yake, na familia yake inalala pale pale tangu enzi za babu yake. Mume wangu akamwambia ni msitu wa taifa, hakuna sehemu ya mtu, na watoto wamelala. Ndipo yule mtu akauliza, akitutazama mmoja mmoja ndani ya mwanga wa taa zake, kama tunajua tuko wapi.

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka. Najua niko wapi. Nalijua pori hili limefikaje kuwa la umma, na nashangaa mtu ambaye babu yake alilala hapo hajawahi kujiuliza. Zaidi ya miaka mia iliyopita milima hii ilikuwa mali ya makampuni ya mbao. Yalikata miti mpaka kwenye miteremko mikali, yakaacha matawi yakakauka chini, cheche za treni zilizobeba magogo zikayawasha, na mioto ikaunguza hata udongo. Mito ikaharibika mpaka viwanda vya nguo kule chini Manchester ya New Hampshire, vilivyotegemea mto Merrimack, vikapiga kelele. Mwaka 1911 ikapitishwa Sheria ya Weeks, kwa jina la mbunge John Weeks wa Massachusetts ambaye alizaliwa huku huku New Hampshire, ikairuhusu serikali kuu kununua ardhi ya watu binafsi ili iwe misitu ya wote. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1918. Ulinunuliwa, kwa fedha za umma, kutoka kwa watu waliokuwa wakisema "hapa ni kwangu". Na kabla yao wote walikuwepo Waabenaki, ambao kilele kikubwa kinachoitwa leo Mount Washington walikiita Agiocochook. Sasa mtu anakuja na kiti cha kukunja.

Kwetu Uchagani mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, huonyeshwa kwa sale, mmea unaopandwa mpakani. Ukiliona sale husogei, kwa sababu nyuma yake kuna migomba ya mtu, makaburi ya wazee wake, jasho la vizazi. Kiti kile nyuma yake hakikuwa na kitu.

Hatukuondoka. Shemeji alikaa juu ya jiwe kando ya moto, hakusema neno hata moja, hakuinuka. Yule mtu akarudi ndani ya gari, akaacha injini ikiunguruma na taa zikipiga hema, kwa muda mrefu sana. Mtoto wangu mdogo aliamka akaniuliza kama kumekucha. Simu hazikushika mtandao, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpigia. Hatimaye akaondoka kwa kurudi nyuma kwa kasi, changarawe ikaruka. Hakuna aliyelala baada ya hapo. Kila mlio wa gari mbali ulituinua.

Mnaoiona habari hii ni ndogo, mfikirie alichokuwa anakitaka: familia yenye watoto ikunje hema gizani iingie barabarani kutafuta pa kulala katika milima hii. Kilele cha Mount Washington ni mita 1,917 tu, karibu sawa na kimo cha lango la Marangu, pale ambapo wageni wa Kilimanjaro ndiyo kwanza wanaanza kutembea. Lakini ni kilele hicho hicho ambacho tarehe 12 Aprili 1934 kilipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Hali ya hewa huku haina huruma hata katikati ya majira ya joto, na mtu aliyezaliwa karibu nayo anaijua. Alijua anatufukuzia wapi.

Asubuhi nilitaka turudi nyumbani. Nilishaamua nitakachoandika: nyota moja, na hiyo moja ni ya miti. Shemeji akakataa. Akasema wenye magari hawawezi kukufuata mahali ambapo gari haliingii. Akapanga mizigo upya, mingi akaibeba yeye, na tukaingia msituni kwa miguu, kwenye njia inayofuata mto. Sheria za ndani ni nyingine: unatoka njiani na kwenye maji angalau futi 200, yaani mita 60 hivi, na kuna maeneo yaliyofungwa kabisa ambayo lazima uyaangalie kwenye ramani kabla ya kuondoka nyumbani. Hakuna duara la mawe wala uwazi uliosafishwa. Unatafuta mwenyewe ardhi tambarare isiyo na mimea laini ya kukanyagwa, unapiga hema, na ukiondoka hakuna anayepaswa kujua ulilala hapo.

Sikujua kwamba kitu kama hicho kipo karibu na ninapofanya kazi ya usiku na kupanda basi. Miti ya gome jeupe linalojibambua, misonobari mirefu, kuvumwani juu ya kila jiwe, na harufu ya ardhi mbichi iliyonikumbusha msitu wa juu ya Marangu mpaka nikalia, na sioni haya kusema. Watoto walikaa ndani ya mto mpaka miguu ikafa ganzi. Maji yake ni baridi kupita ya mto Una wa kwetu Marangu. Mume wangu, ambaye tangu tuje nchi hii halali bila kuangalia simu, alilala mchana kutwa chini ya mti, mdomo wazi. Na hakuna aliyetutoza, hakuna aliyetudai kibali, hakuna aliyetuuliza tunajua tuko wapi. Kule nyumbani huwezi kulala Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni na ada za hifadhi ambazo familia nyingi za pale pale mlimani haziwezi kuzilipa. Shemeji amepandisha wageni mlima ule miaka na miaka, na hajawahi kulala humo kwa raha zake mwenyewe. Alituambia hilo jioni ile akikoroga uji. Kwa ajili ya hilo peke yake naweka nyota tano, na ningeongeza ya sita kama ipo.

Kwa hiyo ushauri wangu ungekuwa: achaneni na sehemu za kando ya barabara, hasa mwisho wa wiki, ingieni ndani kwa miguu. Nilikuwa nimeshauandika hivyo. Kisha nikafikiria mama mjamzito, mzee mwenye magoti mabovu, mtu wa kiti cha magurudumu, familia yenye mtoto wa mgongoni na hema zito la kuazima. Hao ndani hawafiki. Sehemu za kando ya barabara ndizo zao, na ndizo zinazofungwa kwa mahema matupu. Nikiwaambia kila mtu azikwepe, nimemwachia yule wa pikapu alichokuwa anakitaka.

Basi siwaambii hivyo. Nendeni kando ya barabara pia. Mkiweza fikeni Jumanne au Jumatano, kuna nafasi tele. Chapisheni kanuni za msitu kwenye karatasi, maana simu haitawasaidia. Taka zenu ondokeni nazo zote, na moto wenu uzimeni kwa maji mpaka majivu yashikike kwa mkono, ili asipatikane mtu wa kusema tumekuja kuharibu. Na mkiwa wengi ni bora: familia mbili au tatu kwenye barabara moja, kila moja na sehemu yake, mkijua mwenzenu yuko mita chache mbele. Mtu mmoja na taa zake hatatisha wote.

Na wewe unayeacha hema tupu tangu Jumatano: kuna mtoto aliyekaa nyuma ya gari akihesabu mahema yako mpaka akachoka, akauliza mbona watu wote wamekufa. Sikuwa na jibu la kumpa. Liondoe hema lako, au ukalale ndani yake.

Sisi tunarudi majani yakianza kubadilika rangi. Shemeji anataka tuende moja kwa moja kule mtoni, na huko tutafika, lakini usiku wa kwanza nimeshamwambia tutalala barabara ile ile, siku ya Ijumaa. Kiti tukikikuta tutakiweka pembeni bila kukivunja, tupige hema.