GPS kwenye usukani wa meli: nyota tano bahari kuu, mbili karibu na vita

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. GPS, mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo, ndiyo huduma bora kuliko zote ninazotumia kazini, na sijawahi kuilipia hata senti. Bahari kuu naipa nyota tano. Nikikaribia nchi iliyo vitani naipa mbili, na hizo mbili natoa kwa kusitasita.

Mimi ni afisa wa zamu kwenye meli za mizigo. Kazi yangu ni kujua meli iko wapi, inaelekea wapi na nani yuko mbele yake, usiku na mchana, mvua na ukungu. Maoni mengi ya GPS ninayosoma yameandikwa na watu wanaotafuta njia ya gari. Wao ikiwadanganya watageuza. Meli ya mita mia mbili haigeuzwi hivyo, na pia haina breki.

Jambo la kwanza ambalo mteja anapaswa kulijua ni mwenye mali. Wengi hudhani GPS ni ya kampuni ya simu au ya ramani. Ni mali ya serikali ya Marekani, na inaendeshwa na Kikosi cha Anga za Juu, jeshi lililoundwa Desemba 20, 2019 na kurithi kazi hiyo kutoka Jeshi la Anga. Chumba cha kuongozea setilaiti kiko kambi ya Schriever, Colorado, na vituo vya kusikiliza mawimbi yake vimetawanywa duniani, kimojawapo Diego Garcia katikati ya Bahari ya Hindi, kingine Ascension kule Atlantiki. Wanajeshi wanashika zamu mbele ya kompyuta kama mimi ninavyoshika zamu mbele ya rada. Hata mtangulizi wake, Transit, ulioanza kazi mwaka 1964, ulijengwa ili nyambizi zilizobeba makombora ya Polaris zijue zilipo kabla ya kurusha. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilipaa Februari 1978, na hadi leo setilaiti hizo hubeba, pamoja na saa zake, vihisi vya kugundua mlipuko wa bomu la nyuklia popote duniani. Kwa hiyo ninapotazama latitudo na longitudo kwenye skrini, natumia kifaa cha vita ambacho wenyewe wamekubali nami nichungulie.

Sasa ubora. Setilaiti zinazofanya kazi huwa thelathini na kidogo, zikizunguka kwenye urefu wa takriban kilomita 20,200, kila moja ikiizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku. Kinachotumwa kutoka huko kimsingi ni saa. Kipokezi kinalinganisha muda ambao mawimbi ya setilaiti nne au zaidi yalitumia njiani, kisha kinapiga hesabu ya mahali. Nuru husafiri sentimita 30 ndani ya sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni, hivyo saa ikikosea kidogo tu meli inahama. Saa zilizo juu huenda mbio kuliko za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku, jambo ambalo hesabu za Einstein zilishalitabiri, na zisingerekebishwa makosa yangekua kwa kilomita 11 hivi kila siku. Zimerekebishwa. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hupata mahali kwa usahihi wa mita 5 hivi. Kwa huduma ya bure, nidai nini zaidi?

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Septemba 1, 1983, ndege ya abiria ya Korean Air ilipotea njia, ikaingia anga ya Muungano wa Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 wakafa. Siku chache baadaye Rais Reagan akaahidi kwamba mfumo huu ukikamilika raia nao watautumia bure. Raia tukapewa, lakini tukapewa kilichochakachuliwa: mawimbi ya kiraia yaliharibiwa makusudi ili mahali pakosewe kwa hadi mita 100 hivi, huku wanajeshi wakibaki na msimbo wao wa siri. Mabaharia waliotutangulia wanasema meli iliyofungwa gatini ilionekana ikitembea mjini. Uchakachuaji huo ulikomeshwa usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, na mwaka 2007 Marekani ikatangaza kwamba kizazi kipya cha setilaiti hakitawekewa kabisa uwezo huo. Hapo ndipo huduma ilipostahili nyota yake ya tano.

Kichekesho ni kwamba jeshi lenyewe lilikwisha kubanwa na hila yake. Katika vita vya Ghuba mwaka 1991, setilaiti zikiwa bado hazijatimia, vipokezi vya kijeshi havikutosha, ikabidi vinunuliwe maelfu vya kiraia, na uchakachuaji ukazimwa ili askari wasipotezwe na mfumo wao. Vifaru vilikata jangwa lisilo na barabara wala kilima cha kukuelekeza na kutokea upande ambao Wairaki hawakuutarajia. Setilaiti nyingine za jeshi zilikuwa zikiona joto la makombora ya Scud yanaporuka. Wapo wanaoviita vita vile vya kwanza vya anga za juu, na sioni sababu ya kuwabishia. Miaka minane baadaye, katika vita vya Kosovo, yalitumika kwa mara ya kwanza mabomu ya JDAM: bomu la kawaida lisilo na akili, likavishwa mkia wenye kipokezi, likawa linafuata namba za latitudo na longitudo.

Na namba haijui nani ni adui. Desemba 2001, karibu na Kandahar, bomu la ndege ya Marekani liliwaangukia askari wa Marekani na washirika wao wa Afghanistan. Watatu wa Marekani walikufa pamoja na Waafghani kadhaa, na Hamid Karzai, aliyekuja kuwa rais wa Afghanistan, aliyekuwa hapo akajeruhiwa kidogo. Taarifa zilizotoka baadaye zilieleza kwamba betri ya kipokezi ilikuwa imebadilishwa, na kipokezi kilipowaka kikaonyesha mahali kilipo chenyewe badala ya mahali pa shabaha. Namba hizo zikasomwa kwenye redio. Kila ninapomfundisha kijana mpya kubadili betri au kuzima na kuwasha kipokezi, namweleza kisa hiki, kisha namwambia asome upya kila kitu kilichoandikwa pale kabla ya kukiamini.

Nyota tatu ninazokata ni hizi.

Mawimbi ya GPS ni dhaifu mno. Kisambazaji cha setilaiti kina nguvu ya wati hamsini hivi, fikiria taa ya mezani ukiitazama kutoka kilomita 20,200. Mtu mwenye kifaa kidogo cha redio anaweza kuyafunika, na mwenye kifaa kikubwa zaidi anaweza kuyaghushi, yaani kukurushia mawimbi ya uongo yanayofanana na ya kweli. Mwaka 2016 Korea Kaskazini ilivuruga mawimbi hadi boti nyingi za uvuvi za Korea Kusini zikalazimika kurudi. Juni 2017, meli zaidi ya 20 zilizokuwa karibu na Novorossiysk, Bahari Nyeusi, zilijikuta kwenye skrini ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Kwa nini uwanja wa ndege? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba droni nyingi za kununuliwa dukani zimepangwa zisiruke karibu na viwanja vya ndege. Anayetaka kuzifukuza anazidanganya kwamba ziko hapo. Sisi wa melini tunapigwa na kofi lisilo letu.

Lilinipata upande wa mashariki wa Mediterania, zamu ya usiku. Kengele moja ililia, kisha zote. Hapo ndipo utakapojua GPS imejipenyeza wapi na wapi. Ramani ya kielektroniki inaitegemea. AIS, inayotangaza kwa meli nyingine sisi ni nani na tuko wapi, inaitegemea. Redio ya dharura huichukua ili ukibonyeza kitufe chekundu itume mahali ulipo. Dira ya jairo, ile isiyotumia sumaku, inaomba kwake latitudo na mwendo ili ijisahihishe. Antena ya simu ya setilaiti, kinasa safari, hata saa ya ukutani, zote zinakunywa kisima kimoja. Skrini ikasema tuko nchi kavu, juu ya njia ya kurukia ndege, tunakwenda kwa mafundo (maili za baharini kwa saa) zaidi ya mia. Kwenye AIS meli jirani zilikuwa zimerundikana papo hapo, moja juu ya nyingine.

Nahodha alipanda, akatazama, akaniuliza, "Kijana, mnara wa uwanja umeshatupa ruhusa ya kutua?"

"Bado, Nahodha."

"Basi achana na hicho kioo. Nipe umbali wa ile rasi."

Tukafanya kazi kizamani: rada ikitupa umbali wa pwani, dira ikitupa mwelekeo wa mnara wa taa, penseli juu ya karatasi. Ilikwenda vizuri. Ila rada na pwani ni vitu vya kuwa navyo karibu, na hewa ile ilikuwa safi. Ukungu na msongamano wa meli zinazotangaza mahali pasipo pao ni habari nyingine kabisa, na sitamani kuijaribu.

Anayevuruga hana ugomvi nami, ana ugomvi na bomu na droni. Huko Ukraine, makombora ya mizinga aina ya Excalibur yanayofuata GPS yalianza kwa sifa kubwa, kisha Warusi wakajifunza kuvuruga mawimbi na shabaha yake ikaanguka vibaya. Uvurugaji hauishii kwenye mstari wa mbele. Mwaka 2024 Finnair, shirika la ndege la Finland, ilisimamisha kwa mwezi mmoja safari za Tartu, Estonia, kwa sababu ya mawimbi kuvurugwa. Jeshi la Marekani lina msimbo wake mpya, uitwao M, ulio mgumu zaidi kuvuruga. Sisi haumo kwenye kifurushi chetu.

Kuna udhaifu mwingine ambao watu wa usukani huusahau kwa kuwa hauonekani angani: kompyuta za ardhini. Januari 26, 2016, wakati setilaiti moja kuukuu ikistaafishwa, programu ya ardhini ilipeleka kwenye baadhi ya setilaiti kosa la saa la mikrosekunde 13. Mahali pa meli hapakuguswa, ila mitambo ya simu inayochukua saa hapo ilipiga kengele, na redio za kidijitali Uingereza zikasumbuka. Hilo lilikuwa kosa tu. Muda mfupi kabla Urusi haijaivamia Ukraine Februari 24, 2022, wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa kusimamia intaneti ya setilaiti ya KA-SAT na kufuta programu ndani ya maelfu ya modemu. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Huko Ujerumani mitambo ya upepo 5,800 ikapoteza mawasiliano na waliokuwa wakiisimamia kwa mbali. Urusi ilishavunja setilaiti yake kwa kombora miezi mitatu kabla, na China ilifanya hivyo mwaka 2007, na vipande bado vinazagaa. Lakini kwa nini upoteze roketi wakati nywila inatosha?

Huduma kwa wateja ipo, msishangae. Raia huandikia kituo cha usafiri cha Walinzi wa Pwani wa Marekani, na matangazo ya setilaiti itakayopumzishwa hutolewa mapema. Nayasoma, yameandikwa kikavu na kwa usahihi. Kwa uvurugaji wa makusudi hawana la kukufanyia zaidi ya kukupa tahadhari kwamba eneo fulani lina matatizo, jambo ambalo ukiwa hapo umeshaliona.

Washindani wapo. Galileo ya Ulaya iko chini ya usimamizi wa kiraia na usahihi wake ni mzuri sana, lakini Julai 2019 ilizimika kwa karibu wiki nzima. BeiDou ya China ilikamilika mwaka 2020. Glonass ni ya Warusi, nayo ina jeshi nyuma yake. Kuzitumia zote pamoja kunasaidia setilaiti moja ikiharibika, ila wote hao wanatumia mawimbi dhaifu kwenye masafa yaliyo jirani, na anayevuruga moja mara nyingi huvuruga zote. Kilichokuwa tofauti kweli ni Loran, minara ya ardhini yenye mawimbi ya nguvu, na Marekani iliizima mwaka 2010 kwa kuona GPS inatosha. Mwaka 2015 chuo chao cha maafisa wa jeshi la maji kikarudisha masomo ya kupima nyota kwa sekstanti. Nadhani mtu pale alipiga hesabu.

Wanaoniuliza wanunue kipokezi gani, nawaambia waulize kwanza kama kina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti. Mawimbi ya kweli hutofautiana, ya setilaiti iliyo utosini yana nguvu kuliko ya ile iliyo upeoni. Mihimili inayoonyesha nguvu hiyo kwenye skrini yote ikisimama urefu mmoja, kuna uwezekano mkubwa yanatoka kwenye antena moja iliyo ardhini. Vipokezi vingi vya bei kubwa huuficha ukurasa huo nyuma ya menyu tatu, na viwili nilivyotumia havikuwa nao kabisa.