Uzoefu wangu wa mtihani wa Kijapani N3: alama mbili na spika moja

Matokeo yalitoka Januari na hasira yangu haijapoa mpaka leo, kwa hiyo wacha niiseme. Nilifanya JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima ujuzi wa Kijapani, daraja la N3, lile la katikati kati ya matano, Nairobi. Nimepata 104 kwa 180. Alama ya kupita ni 95. Nimefeli.

Ndiyo, nimefeli. Kila sehemu ina kiwango chake cha chini, 19 kwa 60, na ukikosa sehemu moja tu, jumla yako haikufai kitu. Msamiati na sarufi 45, kusoma 42, kusikiliza 17. Alama mbili! Nilitoka Mombasa na basi la usiku, sikulala hata kidogo, nikaja kupoteza alama mbili kwa sababu ya spika.

Mtihani huu hufanywa Jumapili. Sasa mtu anionyeshe, Jumapili Nairobi, mtaa usio na kanisa lenye vipaza sauti. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na kwaya na ngoma. Siwalaumu waumini, ile ni siku yao na ibada yao. Namlaumu aliyeona kuwa ukumbi mzima unatosheka na kispika kimoja cha ukubwa wa mkate, kimewekwa mezani kule mbele, na mimi namba yangu imeniweka safu ya pili kutoka nyuma, kando ya dirisha lisilofungika.

Kabla ya sehemu ya kusikiliza hupigwa sauti ya majaribio. Sentensi yake wanafunzi wa Kijapani tunaijua kwa moyo: tenki ga ii kara, sanpo shimashou, yaani hali ya hewa ni nzuri, twende tukatembee. Mimi nilisikia "tenki", halafu ngoma, halafu "shou". Nikanyosha mkono. Msimamizi hakusogea hata hatua moja. Akanitazama kutoka kule kule mbele, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Wenzako wanasikia. Wewe dada, shida ni masikio au ni Kijapani?"

Watu wakacheka. Nikaushusha mkono.

Asiyejifunza lugha hii ataona ni jambo dogo. Kwetu kukanusha huja mwanzoni: ukisikia "si" au "ha" ushajua mtu hataki, hata akimalizia kwa kunong'ona. Kijapani huweka kitenzi mwisho, na kukanusha mwisho wa hicho kitenzi. Ikimasu, naenda. Ikimasen, siendi. Irabu nazo zina urefu wake: yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri, kama sisi tunavyotenganisha kufa na kufaa. Ngoma ikiangukia mkia wa neno, unabaki na sentensi isiyo na ndiyo wala siyo.

Fungu la mwisho ndilo lililonimaliza. Kwenye kijitabu hakuna kilichoandikwa. Unasikia mtu anasema neno, unasikia majibu matatu, unachagua, na sauti hairudiwi. Nilikuwa nimeinama mpaka kidevu kinagusa meza, mkono mmoja nimekinga sikio la upande wa dirisha. Kuna swali nililosikia sauti ya mwanamke na si maneno yake. Nikatia kivuli namba 2 kwa sababu ncha ya penseli ilikuwa pale.

Nilianza kuandika haya nikitaka kuwaambia mtihani wenyewe hauna maana, msitoe pesa zenu. Haupimi kuongea hata neno moja. Hakuna pa kuandika kanji hata moja, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Uchina, ni kuchagua tu mwanzo mpaka mwisho. Mimi kazi yangu ni kutembeza watalii, na mzee mmoja wa Osaka alikaa nami siku nzima Tsavo akinisimulia habari za marehemu mkewe, nikamwelewa, tukanyamaza pamoja pale ilipobidi kunyamaza. Hiyo imo katika alama zipi?

Lakini siwezi kusema uongo. Sehemu ya kusoma ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka ule. Kanji nilizobandika ukutani juu ya jiko, karatasi zimeingia mafuta ya kukaangia mpaka zikawa za njano, nilizikuta mle ndani moja moja, nami nikawa nazisoma. Si kuzikumbuka, kuzisoma! Bila tarehe ya mtihani mbele yangu nisingezibandika. Kwa hiyo la kutokutoa pesa nalifuta. Jiandikisheni.

Na pengine hata ukumbi ungekuwa kimya ningepata 20, au hiyo hiyo 17. Pengine masikio yangu bado hayajafika N3. Ila hilo ni la mtihani kuniambia. Kazi ya msimamizi ilikuwa kuongeza sauti, au kunihamisha kiti, na viti vya mbele vilikuwepo vitupu viwili, niliviona kwa macho yangu.

Usiku ule kwenye basi la kurudi nilimwambia mamangu kwa simu kwamba sirudi tena. Fomu ya Desemba hii nimeshaijaza, N3 ile ile. Sauti ya majaribio ikipigwa nisisikie, mkono wangu utakaa juu mpaka mtu atoke kule mbele aje.