Wanafunzi wa fildi katika zahanati yetu ya Kilolo: tathmini baada ya awamu tatu

Kwa miaka mitatu mfululizo zahanati yetu, iliyoko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, imepokea wanafunzi wa afya ya jamii wanaoletwa na chuo kimoja kwa mafunzo ya vitendo ya wiki sita. Mimi ni muuguzi mkunga wa zahanati hiyo, na ndimi ninayewapangia kazi, kuwatafutia pa kulala na kuwasainia vitabu vyao. Ninaandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu na watendaji wa vijiji ambao wamepata barua ya kuombwa nafasi na hawajaamua wajibu nini. Ushauri wangu ni kwamba muwapokee, lakini kabla ya kukubali mdai kwa maandishi kwamba matokeo ya kazi yao yatarudishwa kijijini.

Nasema hivyo kwa sababu awamu ya kwanza ilituacha na uchungu. Walikuja sita, katikati ya masika, bila mabuti, wakapita kaya kwa kaya katika vitongoji vinne wakijaza dodoso ndefu kuhusu vyoo, maji ya kunywa na chanjo. Wananchi waliacha palizi wakakaa nao, wengine kwa saa nzima. Msimamizi wao alikuja mara moja tu, akakaa nusu siku, akasaini na kuondoka. Wiki sita zilipokwisha, karatasi zote zilipanda gari pamoja nao, na nakala niliyoahidiwa kwa simu haijafika hadi leo. Mwezi uliofuata mama mmoja aliniuliza kliniki, mbele ya wenzake, "Sista, wale vijana waliotuandika majina, majibu yetu yako wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na niliona haya.

Kwa hiyo awamu ya pili mtendaji na mimi tuliandika masharti mawili, yaani kusoma matokeo katika mkutano wa kijiji kabla ya kuondoka, na kuacha daftari zahanati. Chuo kilikubali bila ubishi, jambo lililonifundisha kwamba mwaka wa kwanza tulikosa kwa kutokuomba.

Thamani ya wanafunzi hao niliiona Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kwa kawaida siku hiyo huwa tuko wawili, mimi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na foleni ikiwa ndefu tunaishia kupima uzito na mzunguko wa mkono, huku ubao wa kupimia urefu ukibaki ukutani. Safari hii palikuwa na mikono ya kutosha. Binti mmoja wa Dar es Salaam, ambaye wiki ya kwanza hakujua hata kuitikia "kamwene", salamu ya Kihehe, alimvua viatu mtoto wa kike wa miaka mitatu, akamfungua kitambaa cha kichwani, akamwomba bibi yake amshike magoti ili visigino viguse ubao, akasoma, kisha akasoma tena kwa kuwa hakuamini. Ilikuwa sentimita 84. Utepe wa mkono ulionyesha 14, rangi ya kijani, na bibi alikuwa amekwisha kufurahi.

"Bibi, utepe huu unatuambia kama mtoto amekonda, na mjukuu wako hajakonda," yule binti alimweleza akiwa amechuchumaa. "Lakini wenzake wa umri huu kwa wastani wamefika sentimita 95."

"Mbona anakula anashiba, mwanangu?"

"Anashiba nini, bibi?"

"Ugali. Jioni viazi."

"Na mayai?"

"Mayai tunauza."

Sijapata kusikia tatizo la mkoa wetu likielezwa kwa maneno machache namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30, na haya yanatokea katika nyanda zinazolisha miji kwa mahindi, maharage na viazi. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri na mkono wa kijani, na ndiyo maana bila ubao hatumwoni.

Awamu ya tatu ilishughulika na vyoo na nguruwe, ambao hapa kwetu wengi bado wanazurura. Wananchi wengi walijua kwamba nyama isiyoiva ina minyoo. Jambo walilokuwa hawajui ni kwamba mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yakiingia mdomoni kwa maji au mikono michafu yanaweza kupeleka vifuko vya mnyoo hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kula nguruwe. Mwanafunzi alipolisema hilo mkutanoni, ukumbi ulinyamaza, maana kila kitongoji kina mtu wake anayeanguka na mara nyingi jirani ndiye anayelaumiwa. Baada ya mkutano familia mbili zilikuja kuniuliza juu ya dawa za kifafa.

Kasoro zipo. Fedha za kujikimu za wanafunzi zilichelewa awamu zote, na mara mbili tuliwachangia unga na kuni. Wiki sita ni chache, kwa kuwa mbili za kwanza huishia katika kufahamiana na wazee, na wazee hawa hawafungui mlango kwa mgeni aliyeshika karatasi. Tena wanaokuja msimu wa kilimo hukuta nyumba tupu hadi jioni. Heri waje Juni au Julai, wakiwa na masweta ya kutosha.

Daftari la awamu ya pili liko kwenye kabati langu, pamoja na rejesta ya chanjo. Lina majina ya watoto 41, na nimekwisha kukiandikia chuo kwamba kundi lijalo lianze kwa kuwapima tena watoto hao, kwa ubao uleule, kabla ya kugawa dodoso lolote jipya.