Picha za Wakannadiga pale Upanga: nendeni, ila mfike mpaka mlango wa chooni

Juzi Jumamosi mwana mmoja tunayepiga naye picha za harusi kanistua kuna maonyesho ya picha Upanga, ukumbi mdogo tu wa ghorofani, ni Wakannadiga, yaani Wahindi wa jimbo la Karnataka, wanaoishi hapa mjini wanasherehekea siku ya jimbo lao, Novemba mosi. Mi nikajua ndo yale yale, Taj Mahal na sari, ila kiingilio buku tano na cha kunywa humo humo, nikasema poa, nikadaka bajaji.

Sasa sisi hapa Dar Mhindi ni Mhindi tu, si ndio? Na wengi tuliowazoea madukani Kisutu asili yao Gujarati. Hawa ni wa kusini huko, lugha yao Kikannada, herufi zao za duara duara kama vitumbua kwenye chuma. Jimbo liliundwa 1956 kwa kuwakusanya wasema Kikannada waliokuwa wamegawanywa huku na huku, likaitwa Mysore, jina la Karnataka limekuja 1973. Ukumbi mzima manjano na nyekundu, rangi zao hizo, mi nikaona nusu Yanga nusu Simba, nikacheka peke yangu.

Haya picha. Ukiingia tu unakutana na jumba la wafalme wa Mysore usiku wa sikukuu yao ya Dasara, balbu karibu laki moja zimewashwa, mpigaji kaacha shata wazi muda mrefu mpaka wapita njia wamegeuka moshi. Kali, lakini ni picha ya kalenda. Niliponasa ni kwenye Yakshagana, hiyo ni michezo ya kuigiza na kucheza ya upande wa pwani yao, kwa asili inakesha mpaka asubuhi, na huyu mpiga picha hakuhangaika na jukwaa kabisa, kaenda nyuma ya pazia, jamaa kakaa chini na kioo cha mkononi, nusu ya uso keshapaka rangi yuko kama mungu, nusu nyingine bado ni baba mtu kachoka, na taji lake kubwaa liko pembeni juu ya gunia. Mwanga ni balbu moja. Mi nimepiga mabibi harusi saluni miaka saba na flashi zangu mbili, sijawahi kupata kitu kama kile, roho iliniuma kwa kweli.

Kuna na ya Kambala, mbio za nyati wa kufugwa kwenye shamba lililojaa maji, mtu pekupeku anakimbia nyuma yao, tope limeruka juu ya kichwa chake na bado jicho la nyati liko kwenye fokasi. Gari la mawe la kwenye magofu ya Hampi nilipita tu, limo hadi kwenye noti yao ya rupia 50.

Kero sasa. Fremu za vioo chini ya taa za tyubu, jamani nani kashauri hivi, nusu ya picha nilikuwa najiona mwenyewe. Maelezo Kikannada na Kiingereza tu, herufi ndogo kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Mko Dar, Kiswahili hata mstari mmoja?

Lakini iliyoniudhi hasa ni hii. Kona ya mwisho, jirani na choo, nyuma ya meza ya machupa ya kahawa, wametundika mama mmoja kashika ngoma, nywele kipilipili, sari kaivaa kama kazaliwa nayo, ningekutana naye Mbagala ningempa shikamoo bila kuwaza. Ni Msiddi. Wako wilaya ya Uttara Kannada huko huko Karnataka, kwenye misitu, asili yao huku kwetu Afrika, wengi mababu zao walipelekwa na Wareno kama watumwa kupitia Goa, leo wanaongea Kikonkani na Kikannada. Nikamuuliza mzee mmoja wa pale, shikamoo mzee, huyu naye ni Mkannadiga? Akanitazama kama nimeuliza samaki anaogelea. "Marahaba. Sasa atakuwa nani?"

Si ndio hapo! Picha hiyo ndo ya kuweka mlangoni, mji huu huu, wao wameificha na machupa. Nimesimama pale mpaka wanaoenda chooni wakaanza kunipiga vikumbo.

Kahawa ni ya maziwa, kwenye vikombe vya chuma, na wana haki ya kujidai maana kahawa nyingi ya India inalimwa kwao. Kuna kitu kinaitwa Mysore pak, unga wa dengu, samli na sukari, kashata ya matajiri, nimekula vinne na sijutii.

Mlangoni wanauza postikadi buku mbili mbili. Jumba lipo, nyati wapo, yule wa kioo yupo nimemchukua. Ya mama wa ngoma hawakuprinti. Dada wa mezani kaandika namba yangu kwenye daftari, kasema watanipigia.

Bado.